Zamu ya Mwas

Mwas wa Gitothua alikuwa na kadi za jina. Nataka hilo lijulikane kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mwaka wa 1999, kuanzia Ruiru mpaka Thika, watu wenye kazi za kufanya hawakuwa na kadi. Yake iliandikwa kwa rangi ya dhahabu: Mtaalamu wa Intaneti, Afrika Mashariki na Kati. Hiyo Afrika ya Kati sijui ilimfikiaje, maana mwenyewe hakuwa amevuka hata daraja la Sagana. Alisomea kompyuta Nairobi kwa muda ambao mtu mwingine angetumia kujifunza kupika maandazi, akarudi na tai na sauti nzito, na tangu hapo akawa hawezi kuomba chumvi mezani bila kutanguliza "in this digital age".

Huyo ndiye aliyenitengenezea tovuti. Sikuwa na mwingine.

Mimi ni Zainab binti Uthman, wa Majengo, Thika. Baba yangu ni fundi wa ngozi, na kazi aliyobaki nayo wakati ule ilikuwa moja tu, kutia vyondo mikanda. Akina mama wa kikundi cha Kalimoni walisuka kiondo cha mkonge, kikatufikia kikiwa kama bakuli kubwa lisilo na pa kushikia. Baba akakizungushia ngozi mdomoni, akakishonea mikanda, na hapo ndipo kikawa kitu ambacho mwanamke wa Ulaya angekitundika begani akakiringia. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta huyo mwanamke wa Ulaya.

Nilimtafuta kwa kompyuta ya Jentrix. Jentrix alikuwa na ofisi ya kupiga chapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Thika, na yeye ndiye aliyekuwa na modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa waya wa simu. Alikuwa na tovuti yake pia, ya keki za harusi, ingawa mpaka leo sijaelewa ni bibi harusi gani wa Uswisi angeagiza keki kutoka Thika. Sote tulitengenezewa na Mwas, na sote tulitengenezewa kwa ujanja uleule. Chini kabisa ya ukurasa wangu Mwas aliandika maneno "African basket" tena na tena, mstari kwa mstari, kwa herufi nyeupe juu ya weupe wa ukurasa. Mtu hangeyaona. Mtambo wa kutafuta, ule unaouandikia neno ukakuletea orodha ya tovuti, ungeyaona.

"Huo si uongo?" nilimuuliza.

"Sista," alisema Mwas akivuta tai, "hiyo inaitwa technology."

Na mtambo, mjinga kama aliyeusifu, ukaamini. Uliona neno limetajwa mara nyingi kuliko kwingine kote, ukadhani anayelitaja sana ndiye anayelijua sana. Nimewahi kuona watu wa Thika wakichagua diwani kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo sikushangaa. Niliudharau ule mtambo, lakini uliniweka ukurasa wa kwanza, na wanunuzi wakaanza kuniandikia. Kwa karibu miaka miwili baba hakukaa bure. Kila asubuhi nilimkuta ameshawasha redio yake ndogo, ameshakata mikanda, anazitia nta nyuzi zake huku ananiuliza wale watu wa Denmaki wanasemaje.

Halafu siku moja mwezi wa Septemba nikaketi kwa Jentrix, nikaandika maneno yangu, nikabonyeza, na sikujiona. Nikafungua ukurasa wa pili. Nikafungua wa tatu. Nilifungua kurasa mpaka Jentrix akanikumbusha kwamba simu inahesabu dakika.

"Hata mimi nimepotea, mama," alisema. "Na Ephantus amenipigia kutoka Ruiru analia. Hoteli yake haionekani popote."

Ephantus alikuwa na nyumba ya wageni Ruiru, vyumba vya nyuma ya baa. Kwenye tovuti yake Mwas alimwekea picha ya simba. Nilimuuliza Ephantus kama amewahi kuona simba Ruiru, akanijibu kwamba mgeni akishafika na ameshalipa, simba si lazima.

Basi mtambo ulikuwa umebadilisha akili yake. Ulichoka kudanganywa na maneno meupe, ukaanza kuwafukuza waliokuwa wakiyatumia, na sisi tulikuwa mstari wa mbele. Huko Amerika mtu fulani aliamka, akarekebisha hesabu zake, akaenda zake kunywa kahawa, na Majengo mzee akakosa kazi. Hakututangazia. Hakujua tupo.

Na mimi nilikuwa na haraka. Akina mama wa Kalimoni hawakuwa wamefungwa kwangu kwa chochote isipokuwa oda. Mwenyekiti wao alikuwa Ndinda, mwanamke wa Kikamba aliyeolewa pale, mtu wa maneno machache na vidole ambavyo havikutulia hata wakati wa mazishi. Pembeni yao alikuwa akizunguka Gatimu, dalali mwenye stoo Ruiru. Gatimu alinunua vyondo vitupu kwa bei ya kutupa, akavipeleka Nairobi vitiwe mikanda ya plastiki kwa mashine. Kikundi kikienda kwa Gatimu, hakuna kiondo hata kimoja ambacho kingepita kwa baba. Macho ya baba yalikuwa yamekwisha kwa kazi zote nyingine. Viatu alishaacha, matandiko ya punda alishaacha. Mikanda aliiweza kwa kupapasa. Akiikosa hiyo, angekaa barazani akisikiliza redio mpaka siku yake ifike, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba sitaliona hilo.

Nilimwendea Ndinda, nikamwambia ukweli.

"Tutakungoja mpaka mkutano wa kufunga mwaka wa kikundi, Novemba," alisema bila kuacha kusuka. "Ukija na oda, sisi ni wako. Ukikosa, utatusamehe, Zainabu. Watoto hawajui kungoja."

Mwas hakukosa dawa. Watu wa aina yake huwa hawakosi. Alituita Ruiru, kwa Ephantus, tukaketi nyuma ya baa mimi, Jentrix na Ephantus mwenyewe, mbele ya mbavu za mbuzi ambazo Ephantus aliziita za kikao. Mwas alisimama. Tulikuwa watu watatu tumemzunguka mezani, na bado alisimama.

"Mtambo siku hizi hauangalii unajisema nini," alisema. "Unaangalia nani anakuonyesha. Kama website zingine zina link ya kuja kwako, wewe ni mkubwa. Kama hakuna mtu anakuonyesha, wewe ni nothing."

Hilo, lazima niseme, lilikuwa kweli. Hata saa iliyosimama huwa sawa kwa dakika yake. Akaendelea.

"Sasa, sisi ni wanne. Tunafanya nini? Tunafanya merigoraundi, kama vile vyama vinazungusha pesa."

Ephantus alipiga meza kwa furaha. Jentrix akacheka akapiga makofi. Mimi nilikuwa bado natafuna.

"Wiki hii sote tunaweka link kwa mmoja," alieleza Mwas. "Wiki ijayo tunaitoa, tunaweka kwa mwingine. Kila mtu atapata zamu yake. Hakuna kulia."

Nikameza. "Kwa nini tuitoe?" nikauliza.

"Unasema?"

"Kwa nini tuitoe? Kila mtu awaonyeshe wenzake wote watatu, na ziachwe hapohapo daima. Link si unga. Nikiiweka kwa Jentrix haipungui kwa Ephantus."

Nikadhani wananielewa. Ephantus akafuta mafuta mdomoni akanitazama kwa huruma.

"Zainabu, wewe hujawahi kuwa kwa chama?" aliuliza. "Hii kitu ina utaratibu. Kama kila mtu anakula kila wiki, hiyo ni merigoraundi ama ni supper?"

Walicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia. Jentrix, ambaye nilimtegemea, alinishika mkono akasema, "Mama, ukipatia kila mtu, umepatia nani? Lazima mtu asikie amepata."

Niliwatazama. Watu wazima, wana biashara, wana vyeti. Tangu walipoanza kushika pesa walijua namna moja tu ya kugawana, chungu chote kwa mmoja na wengine wangoje, na akili zao zilikuwa zimekaa humo mpaka zikachukua umbo la chungu. Kitu ambacho ukikigawa hakipungui hawakuweza kukifikiria. Kiliwatia wasiwasi, kama vile nilikuwa nimewaletea dini mpya. Niliwadharau kwa moyo wangu wote, na nikabaki mezani, kwa sababu wiki moja ya kuonyeshwa na watatu ilikuwa bora kuliko kutoonyeshwa na mtu, na Novemba ilikuwa inakuja.

Tulitaka kuchukua namba kwenye kofia kama vyama vyote vinavyofanya. Mwas akasema hapana, mwenyekiti aanze ili kupima mfumo. Mwenyekiti alichaguliwa lini, sikumbuki. Nadhani alichaguliwa na tai yake.

Basi tukaanza. Kila Jumatatu tulikutana kwa Jentrix, tukawasha modemu ikapiga kelele zake, tukafuta jina la wiki iliyopita kwenye kila tovuti na kubandika jipya. Wiki ya kwanza ilikuwa ya Mwas. Ukurasa wake ulikuwa na picha yake amekunja mikono kifuani, na maneno mengi ambayo hayakusema anauza nini. Wiki ya pili Jentrix. Ya tatu ilikuwa yangu, na sitadanganya, nilifurahi. Niliangalia tovuti ya Ephantus, nikaona chini ya yule simba wake wa kukopa maandishi makubwa: Kwa vyondo bora, bonyeza hapa. Nikamwambia baba jioni ile, "Baba, wiki hii watu wote wanatuonyesha."

"Kina nani?" aliuliza.

"Hoteli moja, muuza keki, na mwendawazimu mmoja."

"Alhamdulillahi," alisema baba, akaendelea kutia nta uzi wake.

Wiki yangu ikapita. Hakuna kilichosogea. Ya nne ikawa ya Ephantus, na yake pia haikusogea, na zamu ikazunguka ikarudi kwa Mwas.

Nilijua kosa liko wapi, na nililisema, na hakuna aliyenisikiliza. Mtambo hausomi tovuti zote kila siku. Hupita mara mojamoja, kama yule mtu wa kusoma mita ya maji. Ilivyo siku aliyopita ndivyo atakavyoandika, na mpaka apite tena huna la kumwambia. Sisi tulikuwa tukihamisha majina yetu kila Jumatatu kama watu wanaohamisha kuku mmoja kutoka boma hadi boma, huku tukitumaini kwamba mhesabu kuku atafika siku ambayo kuku yuko kwetu.

Alifika wiki ya Mwas.

Nilikuwa kwa Jentrix nilipoona. Niliandika "African basket" kwa mazoea tu, bila tumaini, na wa kwanza kabisa kwenye orodha akatokea Mwas na mikono yake kifuani. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikabonyeza. Ukurasa ulikuwa umebadilika. Maneno yake ya kujisifu yalikuwa yamesukumwa chini, na juu yake kulikuwa na kichwa kipya: Mwongozo wa Bidhaa Bora za Kenya. Keki, hoteli, vyondo. Kwenye keki hapakuwa na Jentrix. Kwenye hoteli hapakuwa na Ephantus. Kwenye vyondo palikuwa na Gatimu, jina lake, namba yake ya simu na stoo yake ya Ruiru.

Na tovuti yangu mimi, kwa maandishi makubwa, ilikuwa inawaelekeza watu huko.

Jentrix alisoma juu ya bega langu. "Woi," alisema. Nilimwona akitafuta jina lake mara ya pili, kana kwamba keki zake zingeweza kuwa zimejificha kati ya herufi.

Nilikwenda Gitothua siku hiyohiyo. Ofisi ya Mwas ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la chakula cha kuku, na ulilazimika kupita kati ya magunia ya pumba ili umfikie mtaalamu wa Afrika Mashariki na Kati. Alikuwa amevua viatu. Hakuona haya hata kidogo. Alinikaribisha kiti.

"Sista Zaina, nilikuwa nakuja kukuona."

"Gatimu amefikaje pale?"

"Alilipia advertisement," alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "In this digital age, space ni pesa. Hata wewe nikikuweka namba mbili, watu watakuona. Nitakufanyia bei ya chama."

"Sisi ndio tuliokupandisha, Mwas. Sisi watatu. Bila sisi, hata mama yako hangekuona kwa huo mtambo."

"Na nyinyi mlikuwa na zamu zenu," akasema. "Si mlikuwa nazo? Kama mtambo haukupita, mimi ningeuita?"

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi ya Kiswahili, ya Kikuyu na mengine ya bibi yangu Mnubi niliyokuwa nimeyaweka kwa siku kama ile. Nikamtazama tu, na soksi zake zilizotoboka, na nikaona kwamba hana habari kabisa kuwa amefanya jambo baya. Alikuwa anangoja nimpe pongezi. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapata nafuu. Huyu alikuwa mtupu tu, kama zile kurasa zake. Nilimwambia asinikanyagie Majengo tena, nikatoka na pumba kwenye buibui.

Kesho yake nilimsimamisha Jentrix mbele ya kompyuta yake na nikampigia simu Ephantus. Niliwaambia tunafanya nilivyosema tangu mwanzo. Tulifuta jina la Mwas kila mahali. Kwenye tovuti yangu nikawaonyesha Ephantus na Jentrix, Jentrix akatuonyesha sisi, Ephantus akatuonyesha sisi, na tukaziacha hapohapo. Nilifuta maneno meupe yote, maana sasa yalikuwa kama kuandika "mwizi" kwenye paji la uso wako mwenyewe. Mahali pake niliandika kwa lugha ya kawaida jinsi kiondo kinavyoanza Kalimoni, jinsi mkonge unavyotiwa rangi, na jinsi baba anavyoupima mkanda kwa kiganja bila futi. Nikaweka picha yake akiwa kazini. Ephantus alilalamika kwenye simu hadi mwisho.

"Hii kitu haina mpangilio," alisema. "Sasa ni zamu ya nani?"

"Ni ya wote."

"Haiya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Lakini msoma mita alikuwa ameshapita, na sisi tulikuwa tunamngoja upya. Novemba haikumngoja.

Nilikwenda Kalimoni siku ya mkutano mikono mitupu. Akina mama walikuwa wameketi kwenye viti vya kanisa walivyokopa, kila mmoja na kiondo mapajani, wanasuka huku wanasikiliza. Gatimu alikuwa amekuja na gari, na alikuwa amekuja na oda. Mnunuzi wa Amerika alikuwa amempata, alisema, kupitia kwa mtandao. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ndugu yake wa cheo. Nilijua kila hatua ambayo mnunuzi yule alikuwa amepita ili kumfikia, na hatua moja ilikuwa ukurasa wangu.

Nilisimama, nikawaeleza. Niliwaambia kuhusu Mwas, kuhusu zamu, kuhusu mtambo na siku uliyopita, na jinsi tulivyorekebisha na kwamba ungepita tena. Nilipokuwa naeleza nilisikia jinsi maneno yangu yanavyosikika. Nilisikika kama Mwas.

Ndinda aliningoja nimalize. Alikuwa mtu wa heshima.

"Mama, nipe mwezi mmoja," nilimwambia.

"Zainabu, sisi tunakupenda," alisema. "Lakini hii maneno yako ya mashine, leo iko juu, kesho iko chini, hakuna mtu anajua ni kwa nini. Huyu amekuja na kazi. Sisi ni watu wa kazi."

Wakampa Gatimu vyondo vyote mpaka mwisho wa msimu. Hakuna aliyepinga. Mmoja wao alinipa ndizi mbili za kula njiani, na hizo ndizi zilinikera kuliko kura.

Nilirudi Thika nikitafuta maneno ya kumwambia baba. Nilipanga nitamwambia baada ya swala ya Isha. Kisha nikapanga nitamwambia Ijumaa. Nilipofika Majengo nikasikia redio tokea nje, na nilipoingia karakana nilikuta vyondo vimejaa mpaka mlangoni, na baba katikati yake na sindano mkononi.

"Umechelewa," alisema. "Gatimu alipita hapa asubuhi na vyondo vya stoo yake, kabla hajaenda Kalimoni."

Nilishika mlango.

"Yule mtu wake wa Amerika anataka mikanda ya ngozi. Plastiki ameikataa. Gatimu ameuliza Thika nzima, kila mtu amemwambia aje kwangu." Alipapasa mkanda, akaupima kwa kiganja. "Kazi nyingi, mwanangu. Sijapata nyingi hivi tangu mama yako alipokuwa hai."

"Baba, yule ni mwizi."

"Ameniibia nini?"

"Ameniibia mimi! Mnunuzi yule alikuwa wangu. Alipita kwenye tovuti yangu. Amekuwa akinunua vyondo vya akina mama kwa bei ya kutupa, amekuwa akitia plastiki, na leo anakuja hapa anakuita fundi?"

Baba hakupandisha sauti. Hajawahi kunipandishia sauti maishani, na siku ile ningefurahi kama angefanya hivyo. "Zainab, mimi nashona," alisema. "Ulipoleta watu wa Denmaki nilishona. Huyu ameleta Amerika, nashona. Sikukuomba uwe juu ya mtu."

Kulikuwa na vitambaa vidogo kwenye sahani ya bati, vya kushonwa ndani ya kila kiondo. Vimeandikwa Gatimu. Nilivitazama na moyo ukaniuma kweli, kwa sababu nilichokuwa nimeapa kukilinda kilikuwa mbele yangu, kizima, redio inaimba, na mimi sikuwa nimekilinda kwa lolote.

Mtambo ulipita tena Desemba. Tulipanda wote watatu, mimi juu kuliko wote, mahali nilipokuwa zamani na zaidi. Jentrix alipata barua pepe mbili za watu waliotaka kujua njia ya kupika keki bila kununua. Ephantus alipata mgeni Mjerumani aliyekaa usiku mmoja akaulizia simba. Mwas alitoweka kwenye orodha kabisa, maana hakuwa na mtu wa kumwonyesha, na nilisikia kwamba anauza simu za mkononi Nairobi na anawaambia watu kuwa intaneti imeisha.

Mimi niliandikiwa na mwenye duka wa Copenhagen. Alisoma habari ya mkanda na kiganja. Alitaka vyondo vingi, vingi kuliko nilivyowahi kuuza kwa mwaka mzima, na alitaka mikono ileile ya yule mzee wa kwenye picha.

Nilichapisha barua ile nikampelekea baba, nikamsomea kwa Kiswahili. Alinisikiliza huku ametabasamu. Aliniomba nirudie pale aliposifiwa, nikarudia.

"Basi wapelekee," alisema.

"Baba, vyondo sina. Kalimoni wote wako kwa Gatimu. Hata wewe uko kwa Gatimu."

"Si viko stoo yake? Vimejaa. Mwamerika hawezi kumaliza vyote." Akavua miwani yake ambayo haikumsaidia tena, akaifuta. "Nenda Ruiru ununue. Na umsalimie vizuri, Zainab. Wewe ukimdharau mtu, uso wako husema kabla mdomo haujafunguka. Nimeuona miaka yote. Watu wote wameuona. Wale wenzako wa mtandao wameuona pia."

Nilikuwa na la kumjibu, tena refu, na kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja ambalo lingetia mkanda kiondo kimoja.

Nilimkuta Gatimu mlangoni mwa stoo yake. Nilimsalimia, nikamuuliza habari ya nyumbani, na ya watoto, na ya mvua. Alinikumbuka kutoka Kalimoni na bado alifurahi, alikuwa mtu wa kufurahi upesi. Nikamwambia nataka vyondo vya kupeleka ng'ambo, akaniuliza vya plastiki au vya ngozi, nikasema vya ngozi. Akapanda ngazi, akateremsha kimoja, akakigeuza ndani nje chini ya mwanga ili nione nyuzi, jinsi zilivyobanana na jinsi mkanda ulivyoingia kwenye mkonge bila kuupasua. Alinieleza taratibu, kitu kimoja kimoja, kama kwa mteja mgeni, maana hakuna aliyemwambia mimi ni binti wa nani.

"Huyu fundi wangu," alisema, "hakuna mwingine kama yeye Thika nzima."

Nikamwambia ni kweli, kisha nikamuuliza bei.